Mavyaa Wangu na Sinema za Jumatano

Wajukuu zangu siku hizi wamenaswa na tamthilia za Kikorea. Wakishatoka chuoni na wakishakula, hukusanyika ukumbini, na kabla sehemu moja haijesha washaanza kubishana. Huyu anasema yule kijana tajiri amsamehe mchumba wake, yule anasema aende zake, wanawake wamejaa. Kisha hunigeukia mimi.

"Bibi, wewe uko upande wa nani?"

Mimi huuliza kwanza mavyaa yukoje. Wanacheka, maana kila tamthilia nauliza hilo hilo, na hata neno lenyewe wao hawalitumii tena. Wao husema mama mkwe. Lakini mimi kuangalia hadithi za watu kwenye kioo nilifunzwa na mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, na mpaka leo siwezi kuingia katika hadithi bila ya kupitia kwake.

Niliolewa mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Nilitolewa kwetu Mwembetanga nikapelekwa Kikwajuni, mwendo ambao mtu huenda kwa miguu akarudi chai haijapoa, lakini siku ile niliuona kama nahamia nchi nyengine. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Kizimbani, kwenye shamba la serikali la mikarafuu. Alilala huko huko wiki nzima, akarudi mjini Jumamosi mchana ananukia karafuu mpaka kwenye nywele, na Jumatatu alfajiri akaondoka. Kwa hiyo mtu niliyeolewa naye nikimwona siku moja na nusu, na siku zote nyengine niliishi na mama yake.

Mavyaa alikuwa mjane, mfupi, mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka kama wa mtu anayebeba maji kichwani. Alikuwa akishona kofia za mkono, na ushoni wake ulikuwa ukitafutwa na watu. Hakuwa mkali wa matusi. Ukali wake ulikuwa wa kunyamaza. Nikitia chumvi, yeye husimama mlangoni mwa jiko anatazama mkono wangu. Nikifua, huja akaigusa kanga kwenye kamba, akaikamua tena mwenyewe, kisha akaenda zake. Ningeona afadhali anitukane. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Mama," akaitika, "Marahaba," na mara nyingi mpaka magharibi lisiwepo neno jengine baina yetu ila lete, weka, funika.

Katika nyumba ile tulikuwa na mtu mmoja zaidi, wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Alikuwa bado anasoma, na kwa kuwa skuli alikaa na wasichana wa Kihindi, alikuwa ameokota Kihindi chao cha kutosha kumtia tamaa ya kujifanya anajua chote. Yeye ndiye aliyenijia Jumatano moja mchana, nami nimeinama nasugua sufuria.

"Wifi, vaa buibui. Mama anasema leo twende sote."

"Twende wapi?"

"Sinema. Leo zanana."

Zanana lilikuwa onyesho la alasiri la wanawake peke yao. Nilikuwa nikilisikia kwa mashoga zangu, lakini kwetu baba hakutupa ruhusa. Na kwamba mavyaa wangu, yule mwanamke wa kukamua kanga za watu, alikuwa akienda sinema, hilo lisingenijia hata ndotoni.

Tulikwenda kwa miguu, tukakata Mnazi Mmoja, tukaingia Mji Mkongwe. Mbele ya mlango wa sinema palikuwa peusi kwa mabuibui. Ndani, mara tu milango ilipofungwa, mabuibui yalishuka mabegani na ukumbi ukageuka bustani: kanga, magauni, asumini kichwani, watoto wachanga wananyonya, bisi na karanga zinapitishwa safu kwa safu. Watu wakiamkiana kwa sauti kutoka pembe moja hadi pembe ya pili. Taa zilipozimwa nilishtuka nikamshika wifi mkono.

Ile picha ilikuwa ya kijana aliyemwacha mama yake kijijini akamfuata msichana mjini. Wifi alitutafsiria, sentensi moja kwa kila tano, na palipomshinda alisema, "Hapa wanaimba tu." Lakini hatukumhitaji sana. Yule mama wa kijana alipokuwa amesimama kwenye stesheni, treni inaondoka, ukumbi mzima ulilia. Nikageuka kumtazama mavyaa. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Niligeuza uso haraka, kama mtu aliyefungua mlango bila ya kubisha hodi.

Tukashika njia ya kurudi. Tulipofika Mnazi Mmoja, ghafla, bila ya kumtazama yeyote, akasema:

"Yule kijana mjinga."

"Kwa nini, Mama?" aliuliza wifi.

"Mwanamke wa kuimba naye atampata popote. Mama atampata wapi?"

Sijui nini kilinipa moyo. Labda ni kwa kuwa alikuwa amelia. Nikasema, "Lakini Mama, yule msichana naye alikuwa hana mtu mwengine duniani."

Alisimama. Nami nikasimama, nimejikaza kama ninayesubiri kofi.

"Hana mtu, kweli," alisema. "Lakini angengoja basi yale machozi ya mwenzake yakauke." Akaanza tena kutembea. Baada ya hatua chache akaongeza, "Na ile sari aliyovaa haikumkaa."

Yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Tangu hapo Jumatano ikawa siku yetu, na Alkhamisi ikawa nzuri kuliko Jumatano. Nyuma ya nyumba tulikuwa na ua tuliochangia na majirani, na Alkhamisi asubuhi wanawake walikusanyika pale na kazi zao, huyu anachambua mchele, huyu anasuka ukili, mavyaa na kofia yake. Picha ya jana iliwekwa katikati kama sinia, kila mtu akachukua upande wake. Aliyekwenda alisimulia kwa asiyekwenda, na asiyekwenda mara nyingi ndiye aliyehukumu kwa sauti kubwa zaidi. Stelingi aliyesimama pale akapigwa badala ya kukimbia aliambiwa mpumbavu. Mwizi aliyekuwa na sura nzuri alitafutiwa udhuru. Walikuwapo waliokuwa wakigombana kuhusu picha mpaka wakanuniana, wakapatanishwa na picha ya wiki ya pili.

Mimi na mavyaa tulijulikana uani pale. Yeye daima alikuwa upande wa mama, mimi daima upande wa bi harusi. Majirani wakitungoja tuanze. Nakumbuka picha moja iliyokuwa na nyumba kubwa ya matajiri, na mama mwenye nyumba amefunga funguo zote kiunoni, hata ya kabati la sukari. Bi harusi akitaka kitu, lazima aombe.

"Funguo ni za mama," alisema mavyaa. "Kaijenga nyumba ile kwa jasho lake. Mtoto kaja jana, leo anataka kufungua makabati?"

"Hataki kuiba, Mama," nilisema. "Anataka naye aitwe mtu wa nyumba. Mpaka leo yeye mgeni. Mgeni anayefagia."

Jirani mmoja aliinamia mchele wake kama anayetafuta sindano. Hapo ndipo nilipojisikia nilivyosema, na moto ukanipanda usoni. Mavyaa alichoma sindano kwenye kofia, akavuta uzi taratibu mpaka mwisho.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" aliuliza.

"Mimi... mimi ningeomba niachiwe angalau jiko."

Akaendelea kushona. Lakini asubuhi ya pili, nilipoingia jikoni, hakuja kusimama mlangoni. Alikwenda barazani na kofia zake, na kutoka huko akapiga kelele, "Leo pika unavyojua wewe!" Nikapika samaki wa nazi kama kwetu, kwa ndimu nyingi. Alikula. Hakusifu, lakini aliongeza wali, nami nikatosheka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mambo ambayo tusingeweza kuambiana uso kwa uso tuliambiana kwa midomo ya watu wa Bombay. Yeye akisema, "Yule bi harusi anapenda kulala baada ya alfajiri," nilijua. Mimi nikisema, "Yule mama angemwambia mwanawe aongeze siku za kukaa nyumbani," naye alijua. Na masika moja alipopatwa na homa, mguu ukamvimba asiweze kukanyaga, nilimkanda kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, nikamlisha uji, nikamshika mkono kwenda chooni. Hapakuwa na picha ya kutusaidia siku zile, kwa hiyo tulinyamaza, lakini kimya kile hakikuwa kama cha mwanzo.

Kilichokuwa hakipatikani nyumbani mwetu ni mtoto.

Mwaka wa kwanza watu walinitazama tumbo na kutabasamu. Mwaka wa pili walitazama bila ya kutabasamu. Nilikwenda hospitali, nilikwenda kwa wakunga, nilikunywa mizizi michungu ambayo mpaka leo nikiikumbuka ulimi unakauka. Mume wangu hakuniuliza kitu. Alikuwa mtu mpole, wa kunyamaza kama mama yake, na upole wake ule ndio ulionitisha, maana mtu mpole ni rahisi kusukumwa.

Msukumaji alikuja kutoka Mkokotoni. Alikuwa dada mkubwa wa mavyaa, nasi sote tukimwita Mama Mkubwa. Mwanamke wa watu wa kaskazini, mnene, mcheshi, mwenye mkono wa kutoa. Alifika na kikapu cha pweza mkavu na muhogo, akanikumbatia kwa mapenzi. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alimpenda mtoto wa mdogo wake na alitaka amwone ana watoto. Lakini siku ya pili, mimi niko jikoni, nilimsikia ukumbini.

"Nshamwona msichana. Binti wa jirani yangu, ana adabu, ana afya. Huyu mke wa mwanao simchukii, abaki. Lakini mwanamme atakaa hivi mpaka lini?"

Nilisubiri mavyaa aseme kitu. Alisema, "Tutatazama, dada."

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi mkononi, nikashindwa kukuna. Tutatazama. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemsikia akiwa upande wa mama. Sasa hapa palikuwa na mama, palikuwa na bi harusi, wala hapakuwa na haja ya kuuliza atasimama wapi.

Jumamosi mume wangu alirudi, Mama Mkubwa akamwita chumbani wakazungumza. Alipotoka hakunitazama. Jumatatu akarudi Kizimbani. Nilianza kukunja nguo zangu kimoyomoyo, nikiwaza nitaingiaje kwetu na uso gani.

Jumatano ikafika. Nilisema naumwa na kichwa, sendi.

"Utakwenda," alisema mavyaa. "Na dada naye anakwenda. Hajapata kuiona sinema maisha yake."

Tukaenda wanne. Mama Mkubwa alifurahi kama mtoto. Alikula karanga, aliwaamkia watu asiowajua, na ilipopigwa ngoma ya kwanza kwenye picha aliinua mikono akacheza pale pale kitini, safu nzima ikampigia vigelegele. Lakini ile picha, kama iliyotumwa, ilikuwa ya mke asiyezaa. Mama wa mume alimvumilia, akamvumilia, kisha siku moja akaja mlangoni na bi harusi mpya aliyevikwa maua, akamwambia yule wa kwanza ampokee na sinia la vijitaa vya mafuta, kama desturi yao. Naye akampokea. Taa za sinia zikicheza. Ukumbi wote ulilia, na Mama Mkubwa akalia kuliko wote. Mimi sikulia. Niliogopa nikianza sitaweza kunyamaza.

Asubuhi yake uani walikuwapo wote. Kahawa ilikuwa imemiminwa. Jirani mmoja alianza, "Ile ya jana, jamani," na kabla hajamaliza Mama Mkubwa akadakia.

"Mimi nimemwonea huruma yule mke, Wallahi nimelia. Lakini yule mama kafanya haki. Kangoja miaka yote ile. Ukoo ungekufa. Angefanya nini?"

Wengine walikubali kwa kichwa. Kisha wote, kama kawaida, wakamgeukia mavyaa. Zamu yake ilikuwa imefika, na jawabu lake walilijua.

Mavyaa aliiweka kofia chini. Hilo nililiona, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuiweka chini akizungumza.

"Yule mama hana haya," alisema.

"Nani?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Yule mama wa picha. Hana haya hata chembe. Bi harusi kamuuguza. Kamkanda mguu, kamlisha kwa mkono wake, kamshika mpaka chooni. Halafu yeye anamletea mwenzake mlangoni, ati ampokee na sinia! Mimi ningekuwa yule mama, ningekufa kwa aibu kabla sijafika mlangoni."

Nilikumbuka ile picha yote tangu mwanzo. Hapakuwa na mahali ambapo yule mke alimkanda mama mguu. Hakukuwa na ugonjwa kabisa.

Mama Mkubwa naye aliikumbuka. Alimgeukia mdogo wake.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "ile ni sinema."

"Nami nasema sinema. Umenisikia nikimtaja mtu?"

Wifi aliinamisha kichwa, nikaona mabega yake yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Mavyaa akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, anamtazama dada yake peke yake.

"Na mtoto hutoka kwa Mungu, dada. Yule mama wa picha kamsahau Mungu, kwa kuwa ana haraka."

Mama Mkubwa alikunywa kahawa yake mpaka ikesha. Akakiweka kikombe, akafuta midomo kwa ncha ya kanga. "Basi," alisema, "kama ndivyo ulivyoiona wewe." Kisha akaanza kumsifu stelingi kwa kucheza kwake, na watu wote wakaongea kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mimi niliingia ndani kwa kisingizio cha kuongeza kahawa. Nililia jikoni yale machozi ya sinema niliyoyazuia jana. Mavyaa hakunifuata, na nilimshukuru kwa hilo.

Mama Mkubwa alirudi Mkokotoni siku chache baadaye. Alinikumbatia kama alipokuja, akaniachia kanga mpya. Na Jumamosi, mume wangu alipofika, mama yake alimkalisha barazani akamsimulia ile picha yote kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule mguu uliokandwa. Alikuwa hajawahi kumsimulia picha hata moja kabla ya siku ile. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa, akisema, "Naam, Mama. Naam." Baadaye tulipobaki wawili akaniuliza:

"Mlikwenda kuangalia nini nyinyi?"

"Picha ya kawaida," nilisema.

Alicheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka mama yake akakohoa kwa upande wa pili. Habari ya msichana wa Mkokotoni haikutajwa tena nyumbani mwetu.

Mambo mengine yalibadilika. Nyumba zetu upande ule zilivunjwa kupisha yale majumba marefu ya Michenzani, nasi tukapewa fleti. Maji ya bomba, umeme, sakafu ya saruji isiyotaka kusiribwa. Mume wangu alifurahi. Mavyaa alipanda ngazi siku ya kwanza, akakaa kwenye sanduku la nguo, akauliza, "Ua uko wapi?" Hapakuwa na ua. Majirani zetu wa zamani walitawanyika, huyu jengo hili, huyu lile, na mtu akitaka kuzungumza alisimama kwenye ngazi akazuia njia. Miaka ile nayo ilikuwa ya foleni, ya mchele, ya sukari, na picha mpya zikawa haziji kama zamani. Zilizokuja zilirudiwa mpaka tukazijua nyimbo zake zote.

Miguu ya mavyaa ilianza kushindwa na ngazi. Ikawa Jumatano nakwenda peke yangu, au na wifi kabla hajaolewa, kisha nikirudi namkuta amekaa dirishani anangoja. Sikuruhusiwa hata kuvua buibui.

"Haya. Imeanzaje?"

Nikamsimulia. Alinikatiza kila mahali. Mama yuko hai? Anaishi na nani? Bi harusi anampa chai mwenyewe au anamtuma mtumishi? Nikiruka wimbo alinirudisha. Tukabishana hivyo hivyo, yeye na mama, mimi na bi harusi, ila mara moja moja alikuwa akinigeukia akaja upande wangu ghafla, ili tu anione nilivyopigwa na butwaa.

Mtoto wa kuzaa sikupata. Wifi alipojifungua mara ya pili, alimfunga yule binti katika kanga, akapanda ngazi, akaniwekea mapajani. "Wifi, huyu wako, mlee," alisema. Mavyaa alikuwa amelala kitandani kwa wakati ule, macho yamepungua nuru. Alinyoosha mkono akampapasa mtoto uso, pua, masikio. "Kakamilika," alisema. Yule binti ndiye mama wa hawa wanaobishana na Wakorea ukumbini mwangu.

Mavyaa alifariki mwaka ule ule, mchana, mimi na mwanawe tuko naye. Matanga yalijaa mpaka ngazini. Mama Mkubwa alikuja kutoka Mkokotoni, mzee sasa, akalala nami chumba kimoja, na alikuwa akinipapasa mgongo kwa mkono wake mnene.

Kwa miezi mingi sikwenda sinema. Nilipokwenda tena nilikwenda peke yangu. Picha yenyewe siikumbuki vizuri. Palikuwa na baba aliyemfukuza binti yake, na mvua. Nilipotoka nilijikuta natembea nyuma ya wanawake watatu nisiowajua, wamevuta mabuibui, wanabishana vikali njia nzima. Mmoja anasema kosa ni la binti, wawili wanasema kosa ni la mchumba. Nilijizuia mpaka tukafika Mnazi Mmoja.

"Samahani, jamani," nilisema. "Mimi naona kosa ni la baba."

Waligeuka wote watatu wakanitazama. Kisha yule mkubwa wao akasogea, akaniachia nafasi katikati.

"Haya, bibie," alisema. "Tueleze."